Korti ni miezi miwili ijayo, lakini leseni yako ina siku 15 tu

SWALI: Mwanasheria, shikamoo. Mimi ni Mtanzania, naishi Houston, nina grini kadi. Kazi yangu ni kuendesha semi-trela, nina CDL, yaani leseni ya kuendesha magari ya biashara, daraja A. Jumamosi usiku nilikuwa natoka kwenye sendoff ya binti wa rafiki yetu na Camry yangu, polisi wakanisimamisha. Nilipuliza kipimo cha pombe, ikasoma 0.11. Nililala ndani, nikatoka kwa dhamana Jumapili jioni. Leseni walibaki nayo, wakanipa karatasi. Leo Ijumaa ndiyo nakuandikia. Tarehe ya korti ni miezi miwili ijayo na wenzangu wananiambia nitulie, mambo ya leseni yataamuliwa hukohuko. Nina watoto watatu na kazi ninayoijua ni hii tu. Nifanye nini isiende?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Wenzako wamekupotosha, na bahati yako ni kwamba umeuliza mapema. Hiyo karatasi uliyopewa, kama bado iko kwenye mfuko wa suti uliyovaa kwenye sendoff, kaitoe sasa hivi uisome ndipo tuendelee.

Pembeni utaona imeandikwa DIC-25. Wengi huikunja wakidhani ni risiti ya leseni iliyochukuliwa, kama vile ukipeleka viatu kwa fundi ukapewa kikaratasi. Ukweli ni kwamba hapo umepewa vitu viwili kwa mpigo. Cha kwanza ni taarifa rasmi kwamba jimbo la Texas linakusudia kukufungia leseni. Cha pili ni kibali cha muda cha kuendelea kuendesha. Kibali hicho kinakufikisha siku ya 40 tangu ulipokabidhiwa karatasi, na siku hiyo kufungiwa kunaanza kwenyewe: hakuna jaji, hakuna korti, hakuna atakayekupigia simu. Kinachozuia hilo lisitokee ni wewe kuomba shauri la leseni lisikilizwe, na kuomba huko kuna mwisho wake: siku 15 tangu ulipopewa taarifa.

Wewe ulikabidhiwa usiku wa kuamkia Jumapili. Jumatatu ilikuwa siku ya kwanza. Leo Ijumaa ni ya tano. Ya 15 ni Jumatatu ya wiki ya juu, si hii inayokuja. Siku zinahesabiwa zote, Jumamosi na Jumapili zimo. Lakini usisubiri siku hiyo. Tuma ombi leo au kesho, kwa sababu mtandao unaweza kugoma na faksi ikakataa, na hakuna anayepokea udhuru wa namna hiyo.

Unapouliza kwa nini mambo hayasubiri korti, jibu ni kwamba una kesi mbili, siyo moja. Ya kwanza ni ya jinai ya kuendesha ukiwa umelewa, ile wanayoiita DWI, na mwendesha mashtaka wa kaunti ndiye anayekushtaki. Hiyo ndiyo yenye tarehe ya miezi miwili ijayo. Ya pili ni ya leseni peke yake, huku kwetu Texas inaitwa ALR. Anayekudai leseni ni Idara ya Usalama wa Umma, DPS, na anayesikiliza ni jaji wa ofisi nyingine kabisa ya jimbo, SOAH, inayoshughulikia mashauri ya kiutawala. Haifungi mtu na wala haitozi faini. Kazi yake ni moja tu, kuamua leseni yako ifungiwe au isifungiwe. Kesi hizi mbili hazisubiriani. Nimeshamwona mtu anaingia korti ya jinai amevaa tai, anamweleza wakili wake kwamba amekuja na gari mwenyewe, kumbe leseni yake ilishafungiwa wiki kadhaa nyuma na hana habari. Kuendesha leseni ikiwa imefungiwa ni kosa jingine linalojitegemea, kwa hiyo alifika kortini na kesi moja, akawa njiani kupata ya pili.

Ombi lenyewe ni jepesi kuliko watu wanavyodhani. Unaweza kulituma kwenye tovuti ya DPS, kwa faksi, au kwa posta. Unaandika jina lako kamili kama lilivyo kwenye leseni, tarehe ya kuzaliwa, namba ya leseni (iko kwenye hiyo DIC-25), tarehe uliyokamatwa, kaunti, na kikosi cha polisi kilichokukamata, maana Houston kuna polisi wa jiji, wa sherifu, wa konstebo na wa jimbo, na ukikosea kikosi utasababisha usumbufu usio na maana. Unasema pia kama ulipuliza ukazidi kiwango au ulikataa, wewe ulipuliza. Halafu unaomba shauri lisikilizwe. Basi. Huhitaji kueleza ulikunywa nini, saa ngapi, na nani alikuwa anakumiminia. Usieleze! Ukituma, hifadhi ushahidi: picha ya skrini yenye namba ya uthibitisho, au karatasi ya faksi inayoonyesha imepokelewa saa ngapi. Ukishaajiri wakili atatuma ombi yeye mwenyewe kwa niaba yako, lakini kama hujampata hadi wiki ijayo, tuma wewe. Hakuna sheria inayokulazimisha uwe na wakili ili kuomba.

Ombi likifika ndani ya muda, kufungiwa kunasimama mpaka jaji wa SOAH aamue. Hilo peke yake lina thamani, maana wengine hupata wiki kadhaa au hata miezi ya kuendesha kihalali huku wakijipanga.

Sasa tuje kwenye lori, maana hapa ndipo kesi yako inapotofautiana na ya mtu mwingine yeyote aliyekuwa ukumbini usiku ule. Mtu mwenye leseni ya kawaida, mara yake ya kwanza, aliyepuliza akazidi 0.08, hufungiwa siku 90. Aliyekataa kupuliza, siku 180. Kama ana rekodi ya ulevi barabarani ndani ya miaka 10 iliyopita, inakuwa mwaka kwa aliyezidi na miaka miwili kwa aliyekataa. Siku 90 mtu anaweza kuzivumilia kwa kupewa lifti. Lakini wewe una CDL, na sheria ya Texas inasema mwenye CDL akipimwa akakutwa na 0.08 au zaidi, hata kama alikuwa kwenye gari lake dogo na siku hiyo hakugusa lori, anazuiwa kuendesha magari ya biashara kwa mwaka mmoja. (Ungekuwa kwenye lori lenyewe, kiwango ni nusu yake, 0.04.) Kwa maneno mengine, hilo shauri ambalo wenzako wanakuambia ulipuuze ndilo linaloweza kukutoa kazini mwaka mzima, kabla hata mahakama ya jinai haijamuita shahidi wa kwanza.

Na kosa la pili la namna hii, maishani mwako, linakuondolea CDL kwa maisha yako yote. Hiyo ni sheria ya shirikisho, ukihamia Ohio au Minnesota inakufuata.

Kuna mmoja lazima alikuambia "ungekataa kupuliza." Kwa CDL, kukataa pia ni mwaka mmoja. Na siku hizi ukikataa, askari anaomba kibali cha jaji usiku huohuo, unapelekwa kutolewa damu, halafu unabaki na vyote: majibu ya damu na adhabu ya kukataa. Hilo limepita, tuliache.

Je, unaweza kushinda shauri la leseni? Unaweza, ila sitakudanganya kwamba ni rahisi. Kwenye jinai lazima wathibitishe bila kuacha shaka ya maana. Huku DPS inatakiwa tu kuonyesha kwamba uwezekano umeegemea upande wao. Kwa mtu aliyepuliza, mambo ni machache: kwamba askari alikuwa na sababu ya msingi ya kukusimamisha au kukukamata, na kwamba ulikuwa unaendesha mahali pa umma ukiwa umezidi kiwango. Kama ulikuwa na nia njema, kama una watoto watatu, kama hujawahi kupata hata faini ya spidi, jaji hana mamlaka ya kuyapima hayo. Nakuambia mapema ili usije ukatumia dakika zako kumweleza ya nyumbani.

Kinachopimwa ni ripoti ya kiapo ya askari na kilicho nyuma yake. Alikusimamisha kwa nini? Tuseme aliandika "alishindwa kukaa kwenye mstari wake." Video ya gari lake inaonyesha hivyo, au inaonyesha umegusa mstari mara moja ukiwa unapisha gari lililoharibika? Tazama tena walivyokufanyisha majaribio ya kando ya barabara. Lile la kutembea: hatua tisa kisigino kwa kidole, unageuka kwa hatua ndogondogo, hatua tisa kurudi, mikono ubavuni, unahesabu kwa sauti. Askari anaandika alama ukiinua mkono, ukikosa kugusanisha kisigino na kidole, ukianza kabla hajakuambia. Sasa kumbuka ulivaa nini. Viatu vya sendoff vyenye soli ya ngozi, juu ya kokoto za pembeni mwa barabara, magari yanapita kasi? Una goti lililoumia kwa kupanda na kushuka lori? Kiingereza cha maelekezo ulikisikia vizuri kwenye kelele ile, au uliitikia "yes sir" ili yaishe? Mambo haya wakili anayaona kwenye video. Askari hawezi kuyaandika kwenye ripoti yake.

Video ni haki yako. Mtu aliyekamatwa kwa DWI hapa anaruhusiwa kupata nakala ya iliyorekodi kusimamishwa kwake na kukamatwa kwake. Mwambie wakili aiombe mapema, pamoja na za maduka au vituo vya mafuta kama ulisimamishwa mbele yake, kwa sababu hizo za maduka hujifuta zenyewe.

Kipimo cha pumzi nacho kina masharti. Kabla ya kupuliza unatakiwa kuwa umekaa chini ya uangalizi wa opereta kwa dakika 15, usiweke kitu mdomoni, usitapike, na sampuli huchukuliwa mbili. Kama opereta aliingia chumbani, akakaa dakika nne, akakupulizisha, video ya kituo itasema. 0.11 si 0.20. Ni kiwango ambacho kinajadilika, na wakili mzuri atauliza pia ulikunywa lini mara ya mwisho na ulipimwa saa ngapi, kwa sababu pombe huendelea kupanda kwenye damu baada ya glasi ya mwisho.

Jambo jingine ambalo wakili wa bei rahisi hulikwepa: kumwitisha askari kwa samansi. Asipoitwa, ripoti yake inasomwa peke yake, na karatasi haiulizwi maswali. Akiitwa, anajibu chini ya kiapo, na maneno yake yanarekodiwa. Hata ukishindwa shauri la leseni, umeshapata kitu kikubwa kwa ajili ya jinai, kwa sababu akija kusema tofauti miezi sita baadaye mbele ya baraza la wazee wa mahakama, maneno yake ya kwanza yapo. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu kuu ya kutopuuza ALR hata kwa mtu ambaye ushahidi wake ni mgumu. Unapozungumza na wakili, muulize waziwazi: "Utamwita askari, au utasoma ripoti tu?" Akibabaika, tafuta mwingine. Na ujue kwamba kwenye ALR serikali haikupi wakili wa bure, hata kama korti ya jinai ilikupa.

Upande wa jinai nauharakisha, lakini kuna mambo mawili yanayogusa leseni. La kwanza: Texas, tangu Septemba 2019, baadhi ya watu wenye DWI ya kwanza huweza kupata utaratibu ambapo jaji haandiki hatia, mtu anakaa chini ya masharti kwa muda, akimaliza kesi inafungwa. Mwenye CDL haruhusiwi. Hiyo ni sheria, si hiari ya jaji. Wapo mawakili wanaosahau na kukuahidi kitu ambacho huwezi kupata, kwa hiyo sentensi yako ya kwanza ofisini kwake iwe "nina CDL," na ya pili "nina grini kadi." La pili: ukishinda kesi ya jinai kwa kusikilizwa na kuonekana huna hatia, kufungiwa kwa leseni kwa ajili ya ALR nako kunaondolewa. Lakini mashtaka yakifutwa tu na mwendesha mashtaka, hakuondolewi. Watu wengi huchanganya hapo, wakasherehekea mapema.

Ukikutwa na hatia, mbali na kifungo cha angalau saa 72 na faini ya hadi dola 2,000, jimbo linatoza faini ya ziada ya dola 3,000 kwa mara ya kwanza. Kipimo kikiwa 0.15 au zaidi inakuwa 6,000. Wewe uko chini ya hapo.

Tuseme umeshindwa ALR. Unaweza kuomba mahakamani leseni ya dharura kwa ajili ya kwenda kazini, shule na shughuli muhimu za nyumbani. Utahitaji hati ya bima ya SR-22, na jaji anaweza kukuwekea saa za kuendesha au kifaa cha kupuliza ndipo gari liwake. Itakusaidia kupeleka watoto shule na kufanya kazi ya ghala au ya kuelekeza malori kutoka ofisini. Lori lenyewe huwezi kuliendesha kwa leseni hiyo. Muda wa kufungiwa ukiisha, leseni hairudi yenyewe; unalipa DPS dola 125 za kuirudisha, na wapo wanaosahau hilo wakakamatwa mwaka unaofuata.

Kampuni yako. Sheria ya shirikisho inakutaka umjulishe mwajiri leseni ikifungiwa, kabla ya mwisho wa siku ya kazi inayofuata baada ya kupata taarifa, na ukikutwa na hatia, ndani ya siku 30. Kukamatwa siyo hatia. Lakini mkataba wako unaweza kuwa mkali kuliko sheria, na bima yao ikawa kali zaidi ya mkataba, kwa hiyo usipande lori na karatasi ya DIC-25 mfukoni kabla wakili hajasoma mkataba huo. Kukaa kimya halafu ukasimamishwa kwenye mizani ya Louisiana ndiyo njia ya kufukuzwa pasipo marejeo.

Kuhusu grini kadi, pumua kidogo. DWI moja ya kawaida, isiyo na mtoto ndani ya gari wala mtu aliyeumia, kwa kawaida haimfukuzi mwenye grini kadi. Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 2004 ilishasema ulevi wa namna hiyo barabarani si kosa la kutumia nguvu. Tatizo ni uraia. Ukiomba lazima utaje kukamatwa huku hata kama kesi ilifutwa, na ombi halipitishwi ukiwa bado unatumikia kifungo cha nje. Hatia mbili za ulevi, tangu uamuzi wa 2019, zinachukuliwa kuwa dalili ya kukosa mwenendo mwema, na ni wewe unayebeba mzigo wa kuthibitisha vinginevyo. Kwa wenye viza ya masomo au ya kazi wanaosoma hapa, kwenu ni tofauti: ubalozi unaweza kuifuta viza kwa kukamatwa tu, bila kusubiri hukumu, kwa hiyo msipande ndege kwenda Dar Krismasi kabla ya kuzungumza na mwanasheria wa uhamiaji.

Mlio majimbo mengine, msichukue hizi siku 15 mkazifanya zenu. California ni siku 10. Georgia ni 30. Karatasi yenu ndiyo yenye jibu.

Na nyie wote: kwenye kundi la WhatsApp la Watanzania wa Houston kuna watu zaidi ya mia, na simu zao zinaweza kuletwa mahakamani kama ushahidi. Usiandike ulikunywa nini, usitume sauti ya kujitetea, na mwambie aliyekuwa MC asitume zile video za meza yenu. Wala asitokee mjuaji wa kukushauri "uongee" na askari kama na trafiki wa nyumbani. Texas hilo ni kosa kubwa kuliko DWI yenyewe mara kadhaa.

Ukishatuma ombi, DPS na SOAH watakuletea barua yenye tarehe ya shauri. Hakikisha anuani uliyoandika ni ile unayopokelea barua, siyo ya nyumba uliyohama mwaka jana. Barua ikifika, angalia kama shauri ni kwa simu, kwa video au ana kwa ana, na namba ya kupiga ni ipi. Wakati huo unaweza kuwa barabarani na wakili ndiye atakayepiga, lakini asipopatikana yeye wala wewe saa hiyo, jaji huamua upande wa DPS bila kukusikiliza.